Ringi Nne za Gari la Baba

Mdogo wangu alipopiga simu kutoka Mwanza kusema amepata mteja wa gari la baba, nilidhani ananitania. Gari lile lilikuwa limesimama juu ya matofali uani kwetu Chamazi tangu nilipokuwa kidato cha kwanza, na sasa nina miaka arobaini na mbili. Kuku walikuwa wakitaga kwenye siti ya nyuma. Lilikuwa gari dogo la saluni, la rangi ya maziwa iliyogeuka kuwa rangi ya chai, na baba alikuwa amelijengea kibanda cha mabati ambacho upande mmoja kilishaanguka.

"Sio utani, sista," mdogo wangu alisema. "Kuna jamaa Mbezi Beach anakodisha magari ya zamani ya kubebea maharusi. Ameona picha, amelipenda. Injini atafunga nyingine. Ila anataka ringi zake zilezile, maana vile vifuniko vya kung'aa havikai kwenye ringi nyingine. Ameona zina kutu, anauliza kama bado zinafaa. Wewe zipeleke kwa fundi azikwangue, azipulizie rangi, basi."

Nikamuuliza kama amezungumza na baba. Akasema baba amekubali. Jioni ile nilimuuliza baba mwenyewe. Alikuwa amekaa barazani na redio yake mapajani, na macho yake yenye mtoto wa jicho yakiangalia upande ambao sauti yangu ilitokea.

"Lichukueni," alisema. "Silioni tena hata nikiligeukia."

Sikusikia kitu chochote cha ziada kwenye ile sauti. Nilidhani ni uzee tu.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari. Nilirudi kuishi na baba miaka tisa iliyopita, mama alipofariki, na ndoa yangu ilikuwa imeshakwisha kabla ya hapo. Magari siyajui. Nilimwita kijana wa jirani mwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, akalegeza nati kwa tabu, nyingine akazikata, akazipakia ringi nne na matairi yake yaliyooza. Jumamosi asubuhi tukaenda Manzese, kwa fundi niliyeelekezwa na mwalimu mwenzangu. Alisema mzee yule kazi yake ni ringi tu, na kwamba hapendi kuharakishwa.

Karakana yake ilikuwa uchochoroni nyuma ya duka la matairi, hatua chache kutoka barabara kuu ya Morogoro. Mabasi ya mwendokasi yalikuwa yakipita na kutikisa mabati. Alikuwa mzee wa Kizaramo wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma iliyoloa grisi na kikohozi kilichomfanya asimame kila baada ya dakika chache.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Za nani hizi?"

Nikamweleza. Nikamwambia tunahitaji zikwanguliwe na kupigwa rangi.

"Rangi utaipaka wewe hata nyumbani kwako," alisema. "Kwanza tujue kama ni za kupakwa rangi au ni za kutupwa. Huyo bibi harusi atakayebebwa, ana mama yake, ana baba yake. Kaa hapo."

Alinipa ndoo ya rangi iliyopinduliwa, nikakaa. Alitoa matairi yote manne kwa upau wa chuma. Halafu akaanza na ringi ya kwanza. Aliisugua kwa brashi ya waya mpaka vumbi jekundu likamjaa mikononi, akaifuta, akaigeuza huku na huku juani. Akaining'iniza kwenye kamba, akaigonga kwa nyundo ndogo. Ikalia kama kengele ya shule yetu, ile ya chuma cha reli.

"Umeisikia? Hii kutu yake ilikuwa ya juu tu. Chuma chenyewe kizima."

Akaifunga kwenye habu ya zamani, kile kitovu cha gurudumu, aliyokuwa ameichimbia ukutani, akaizungusha, akashika msumari karibu na ukingo wake. Ringi ilizunguka, na nafasi kati yake na msumari haikubadilika. Akaiweka upande wa kulia.

Ya pili ilionekana nzuri kuliko ya kwanza. Mimi ningeichagua. Yeye alipitisha kidole kwenye mdomo wa ringi, pale tairi linapokaa, akakirudisha, akakipitisha tena. Kisha akachukua kitu kama sindano nene ya kushonea magunia, akakandamiza. Ikaingia. Hakutumia nguvu, aliikandamiza tu kama mtu anayepima kiazi kama kimeiva, na ile sindano ikatokea upande wa pili.

"Maji yalikuwa yanakaa humu, kati ya tairi na chuma," alisema. "Miaka yote hiyo. Huku nje hayaonekani." Akaitupa upande wa kushoto.

Ya tatu ilimchukua muda mrefu, lakini ikaenda kulia.

Alipofika ya nne alisugua upande wa mbele, akasugua upande wa ndani, kisha akaacha kusugua. Akaisogeza karibu na macho. Akakohoa, akangoja kikohozi kipite, akaisogeza tena.

"Mwanangu, umesema wewe ni mwalimu. Una chaki kwenye huo mkoba?"

Nilikuwa nazo vipande viwili vitatu, haziniishi. Akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akaipaka ringi yote sehemu ya kati, kuzunguka matundu ya nati. Akaiacha. Tukangoja, yeye akivuta pumzi zake kwa shida, mimi nikiangalia ile sehemu iliyolowa. Baadaye akaikausha vizuri kwa kitambaa kingine, akaisugulia chaki yangu mpaka ikawa nyeupe kama ubao uliofutwa vibaya.

"Sasa ngoja. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatatoka yenyewe."

Yalitoka. Kwanza kistari kimoja cheusi kutoka kwenye tundu la nati, chembamba kama unywele. Halafu kingine upande wa pili wa tundu hilohilo. Halafu cha tatu, kikipinda kufuata kitu kama uvimbe kwenye chuma ambao mimi sikuwa nimeuona.

"Huu hapa ni mshono," fundi alisema. "Hii ringi ilishapasuka zamani, ikachomelewa. Tena imechomelewa kwa ndani ili isionekane. Na kutu ya huu mshono ni ya umri mmoja na kutu nyingine. Haikufanyika jana. Aliyekuwa anaendesha gari hili aliendesha na hii."

"Baba yangu ndiye aliyekuwa anaendesha."

Fundi aliangalia zile ringi nne, akazihesabu kwa kidole, kulia mbili, kushoto moja, na ile ya mkononi.

"Ya tano iko wapi? Ya akiba?"

"Ya akiba ni mojawapo ya hizi. Moja iliachwa njiani zamani, wazazi walipopata ajali. Tairi lilipasuka."

"Tairi lilipasuka, wakaiacha ringi?"

"Ndivyo tulivyoambiwa."

"Mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu ambaye angependa kunyamaza, "tairi likipasuka, mtu hutupa tairi. Ringi anarudi nayo nyumbani, hata kama imepinda, maana ringi ni mali. Ringi inaachwa porini ikivunjika. Ikiwa katikati yake imechanika na kubaki kwenye gari, na duara lake la nje limejiendea zake."

Nilikaa kwenye ile ndoo muda mrefu. Alinipa maji kwenye kikombe cha plastiki.

Ajali ile ilitokea siku niliyopelekwa shule ya bweni, mkoani Morogoro. Baba alikuwa karani wa ghala, na hilo gari alilinunua kuukuu kutoka kwa bosi wake aliyekuwa anahama. Nilikuwa mtoto wa kwanza katika ukoo wetu kufaulu kwenda shule ya wasichana ya serikali. Nakumbuka tulivyoingia pale getini: mama amekaa mbele, sanduku la bati limefungwa juu, godoro limekunjwa nyuma, mdogo wangu wa miaka tisa amebanwa kati ya ndoo na ukuta wa gari. Wenzangu walikuwa wanashuka na mizigo kichwani kutoka kituo cha basi. Walisimama kunitazama. Baba alizunguka akanifungulia mlango kama dereva wa waziri, na mimi nikashuka taratibu ili wanione vizuri.

Waliporudi, kabla ya kufika Chalinze, gari liliingia mtaroni. Baba na mdogo wangu walitoka na michubuko. Mama alivunjika nyonga. Mimi nilipata habari wiki mbili baadaye, baba mdogo alipokuja shuleni na kuniambia tairi lilipasuka, ni mipango ya Mungu, nisome kwa bidii.

Mama alilazwa miezi mingi. Alipotoka, mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwingine, na hakutembea tena bila magongo. Aliishi hivyo miaka kumi na tisa. Baba hakuendesha tena. Lile gari lilivutwa mpaka nyumbani, likapandishwa juu ya matofali, na yeye akajifunza kazi zote za ndani: kupika, kufua, kumwogesha mama, kumkata kucha. Akina mama wa jumuiya wakija kusali kwetu walikuwa wanamsifu mbele yake. Wanaume wa hivi hawapo, walisema. Na mimi niliamini hivyo. Nilikua nikitaka mume kama baba.

Mama ndiye sikumwelewa. Hakuwa mkali, lakini baba akitaka kumshika mkono ili ainuke, mara nyingi aliusukuma ule mkono na kuinuka mwenyewe, akihema kwa maumivu. Kuna siku baba alimletea uji, mama akasema hautaki, baba akaurudisha jikoni. Nilikuwa nimeshaajiriwa wakati huo, mtu mzima. Nikamwambia mama, "Mama, wewe huna shukrani. Unajua wanawake wangapi wangeachwa?"

Aliniangalia. Nilimwona akifungua mdomo. Kisha akaniomba nimsogezee kikombe cha maji.

Yote haya yalinijia pale Manzese, mfululizo, huku fundi akiendelea na kazi ya mteja mwingine ili asinitazame. Nilipoinuka nilimwambia asizipake rangi zile mbili mbovu, azitunze mpaka nitakaporudi.

Nilizungumza na baba kesho yake, baada ya ibada. Alikuwa anawamwagia kuku mtama, akisikiliza miguu yao wanavyokusanyika.

"Baba, fundi ameona ringi moja ilichomelewa."

Mkono wake ulisimama. Kuku wakaendelea kudonoa.

"Moja tu?" aliuliza.

Hapo nikajua. Nikamwambia ndiyo, moja.

"Zilikuwa mbili," alisema. "Zilipasuka kwenye matundu ya nati. Fundi wa Tandika aliniambia tafuta nyingine, hizi nikizichomelea zitakupeleka sokoni na kukurudisha, safari ndefu usijaribu. Nilizunguka mji mzima sikupata. Na wewe ulitakiwa kuripoti Jumamosi."

"Mabasi yalikuwepo."

"Yalikuwepo. Mama yako alisema tupande basi. Alisema mara mbili, usiku wa kuamkia safari na asubuhi gari likiwa linanguruma. Mimi nilitaka nikupeleke kwa gari langu. Nilitaka wakuone."

Nilimuuliza kama mama alijua kilichotokea. Ni swali la kijinga, lakini nilikuwa sina jingine.

"Alijua kabla mimi sijajua. Tulipokuwa mtaroni alisema, 'Ni gurudumu.' Hospitali aliniambia neno moja tu kuhusu jambo hilo. Aliniambia, 'Usimwambie mtoto.' Basi. Hakunilaumu hata siku moja. Miaka kumi na tisa, hata siku moja."

Alisema hivyo kana kwamba kutolaumiwa ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Huenda ni kweli. Lakini siku ile sikuwa na nafasi ya kumwonea huruma. Nilikuwa namwona mama na kile kikombe cha maji. Alikuwa na jibu mdomoni, jibu ambalo lingeninyamazisha maisha yangu yote, akalimeza ili mimi nisijue kwamba alilemaa kwa ajili ya kupelekwa kwangu shule. Akakubali nimwone hana shukrani.

Niliingia ndani nikakaa chumbani kwake, ambacho sasa tunahifadhia magunia ya mkaa na nguo za zamani. Sikulia. Niliona aibu, ile ya kukaa na kusikia masikio yanawaka moto.

Mdogo wangu alipopiga simu, nilimwambia habari ya ringi kwanza.

"Sasa si zichomelewe tu tena?" alisema. "Sista, hiyo sio ishu. Gari la harusi linatembea polepole, toka kanisani mpaka ukumbini. Likipigwa rangi nani ataona?"

"Baba alifikiri hivyohivyo."

"Unasemaje?"

Nikamweleza yote. Nilisikia honi za huko Mwanza kwa mbali.

"Nilikuwa nasikia mlio," alisema mwishowe. "Tangu tulipotoka shuleni kwenu. Ko, ko, ko, chini ya siti yangu. Nikamwambia baba. Akasema ni barabara mbovu. Mie mpaka leo nikisafiri nakaaga siti ya mbele, hata mke wangu ananicheka." Kisha akasema, "Fanya unavyoona, dada." Hakuniita sista.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Manzese. Fundi aliniambia angeweza kuziuza zile mbili kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, lakini wengine huzitoa mlango wa nyuma, zikachomelewa na kurudi barabarani zikiwa zinang'aa. Nikamwomba azikate mbele yangu. Alivaa miwani yake, akaziweka chini, akazikata vipande vinne vinne kwa mashine. Cheche zilinirukia sketi. Ile yenye mshono ilipokatika alinionyesha ndani yake: pale ilipochomelewa chuma kilikuwa kimeshikana kwa juu tu, na chini yake kulikuwa na nafasi nyeusi. Nilitaka kujua ilibaki kiasi gani kabla ya kuvunjika.

"Hilo hakuna anayeweza kukuambia," alisema. "Ungeweza kufika Mbeya. Ungeweza usifike hata Kimara hapo."

Yule mteja wa Mbezi Beach alikasirika kusikia ringi zimebaki mbili. Mwishowe alilichukua gari kwa bei ya bodi tu, likabebwa juu ya lori. Majirani walitoka kuangalia. Baba alibaki ndani. Nilipoingia nilimkuta amekaa kitandani, redio imezimwa, amevaa viatu kama mtu aliyekusudia kutoka akaghairi.

Kwa zaidi ya mwezi nilikuwa nampikia, namwekea chakula mezani, halafu mimi nakula jikoni nimesimama. Hakuuliza kwa nini. Nadhani alijua anachofanyiwa, maana aliwahi kufanyiwa na mama. Nilianza kumsikia akiosha sahani yake mwenyewe, akipapasa bomba, akivunja kitu mara mojamoja.

Kisha siku moja mchana, nilipokuwa nasahihisha madaftari barazani, alikuja akashika ukuta mpaka akafika nilipo, akasimama.

"Mwanangu, nisamehe."

Sikujiandaa. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi. Ningeweza kutamka 'nimekusamehe', ni neno dogo, na wanafunzi wangu nawaambia kila siku kwa makosa yao. Lakini lilipofika kooni niliona silo langu kulitoa.

"Mimi sikuvunjika nyonga, baba," nilisema. "Mimi nilifika shule salama."

Alitikisa kichwa polepole kukubali, kama mtu aliyesikia alichotarajia. Akageuka, akashika ukuta, akarudi ndani. Nilisikia kitanda kikilia alipokikalia. Nilibaki na lile daftari mbele yangu, la mtoto mmoja aliyekosea hesabu kwenye mstari wa pili, na kila alichoandika chini yake kilikuwa kinafuata vizuri.

Tangu siku hiyo tunakula meza moja. Mimi ndiye niliyehamisha sahani yangu. Hajaomba tena, na mimi sijalitamka lile neno. Anakula kidogo siku hizi, vijiko vitatu vinne, halafu anasukuma sahani na kushukuru kwa chakula.